Kupunguza chakula bila kupoteza misuli: namna ya kupanga protini kadiri umri unavyosonga

Kabla ya kupunguza chochote kwenye sahani, jiulize kwanza kama umevuka miaka 65, kwa sababu mlo unaomfaa mtu wa miaka 45 unaweza kumdhoofisha mama yake mwenye miaka 72, hata kama wote wawili wanapakuliwa kutoka chungu kimoja.

Habari ya kula kidogo na kuishi muda mrefu si ngeni. Mwaka 1935 Clive McCay na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walionyesha kwamba panya waliopunguziwa kalori, huku wakiendelea kupata vitamini na madini ya kutosha, waliishi muda mrefu kuliko wenzao walioachwa wale watakavyo. Mwaka 1993 watafiti wengine walipunguza asidi amino (vipande vidogo vinavyounda protini) moja tu, methionini, katika chakula cha panya, na maisha yao yakarefuka vilevile. Sababu mojawapo ni kimeng'enya kiitwacho mTOR, ambacho hupima wingi wa asidi amino ndani ya seli, hasa ile iitwayo leusini. Zikiwa nyingi, huiamuru seli ijenge na kukua. Zikipungua, seli hugeukia kuvunja na kutumia upya sehemu zake zilizochakaa. Lakini misuli nayo hujengwa kwa amri hiyohiyo, na hapo ndipo umri unapobadilisha hesabu yote.

Kwa binadamu, jaribio la CALERIE lililofanyika Marekani liliwataka watu wazima wasio wanene wapunguze kalori kwa asilimia 25 kwa miaka miwili. Wengi hawakufika huko, kwani wastani waliofikia ulikuwa takriban asilimia 12. Hata hivyo shinikizo la damu na lehemu (kolesteroli) vilishuka. Pamoja na mafuta, walipoteza pia sehemu ya misuli na uimara wa mifupa. Kwa hiyo, ikiwa hujafika miaka 65 na uzito wako unatosha au umezidi, lenga punguzo dogo unaloweza kudumu nalo, na ulitafute mahali pasipo na protini. Mtu anayekula kalori 2,500 kwa siku akipunguza asilimia 12 ameondoa kalori 300. Vikombe vinne vya chai vyenye vijiko vitatu vidogo vya sukari kila kimoja vina kalori zinazokaribia 190, na kijiko kikubwa cha mafuta ya kupikia kina 120. Acha sukari ile na upunguze kijiko kimoja cha mafuta, nawe utakuwa umefika bila kugusa maharage wala samaki.

Katika umri huo hakuna haja ya protini nyingi: gramu 0.8 kwa kila kilo ya uzito zinatosha watu wengi wenye afya. Badala ya kula nyama kila siku, siku kadhaa za wiki weka maharage, dengu, kunde au choroko, ambazo zina methionini kidogo kuliko nyama, mayai na samaki. Usizile peke yake, bali pamoja na nafaka: mahindi yana upungufu wa lisini, asidi amino nyingine, ambayo maharage yanayo kwa wingi, na maharage hupata kwenye mahindi methionini iliyopungua kwao. Sahani ya makande inamaliza hesabu hiyo yenyewe. Unga na vidonge vya asidi amino vinavyouzwa kwa ahadi ya kurudisha ujana sioni sababu ya kuvinunua.

Baada ya miaka 65 mambo hugeuka, na hapa naomba msomaji mwenye mzazi nyumbani atulie kidogo. Misuli ya mzee huitikia protini kwa udhaifu zaidi, kwa hiyo huhitaji nyingi zaidi ili ijengwe: gramu 1.0 hadi 1.2 kwa kila kilo, zikigawanywa katika milo yote ya siku. Mama mwenye kilo 60 anahitaji gramu 60 hadi 72. Sasa tazama anachopewa katika nyumba nyingi kwa nia njema kabisa, kwa kuwa ni chakula laini: uji mweupe asubuhi, wali na mchuzi wenye kipande kidogo cha nyama mchana, chai ya rangi na vipande viwili vya mkate jioni. Jumla yake haifiki hata gramu 30. Ameshiba, lakini misuli ya mapaja inazidi kupungua.

Mpangilio mzuri si wa gharama kubwa sana. Asubuhi apate mayai mawili na glasi ya maziwa, yaani gramu 20 hivi. Mchana ugali na kikombe cha maharage yaliyoiva, zaidi kidogo ya 20. Jioni kipande cha samaki cha gramu 100, kati ya 20 na 25. Kama meno yamepungua, maharage yapondwe, samaki achambuliwe miiba, na uji upikwe kwa maziwa au uwekwe karanga zilizosagwa. Tena asikae tu: mara kadhaa kwa siku ainuke kwenye kiti na kuketi tena mara kumi, bila kujishikilia ikiwa anaweza, kwa sababu protini bila kazi haijengi misuli ipasavyo.

Mwenye ugonjwa wa figo asifuate vipimo hivi kabla ya kuzungumza na daktari wake, kwani protini nyingi huweza kumuumiza. Wajawazito, wanaonyonyesha, watoto na waliokonda wasijipunguzie chakula, na anayetumia insulini au dawa za kushusha sukari asifanye hivyo peke yake.

Mpime mzazi uzito kila mwezi kwa mizani ileile na uandike. Aliyekuwa na kilo 60 akishuka hadi 57 ndani ya miezi sita bila kukusudia, mpeleke hospitali hata kama anasema hajisikii kuumwa.