Kununua lori kuukuu la jeshi Texas: usiogope injini, ogopa kaunta

Kama uko Texas na unatafuta M35A2 ya kufufua, lile lori la magurudumu kumi lililobeba askari wa Marekani kwa miongo kadhaa, jua mapema kwamba kulipata si kazi. Kulifufua ni jasho tu. Shughuli pevu iko kwenye makaratasi, na ndiyo nitakayoieleza zaidi, maana wa kukuonyesha gasketi utampata popote, ila kaunta utasimama peke yako.

Kwa nini M35A2? Kwa sababu yalitengenezwa mengi, spea zipo, na injini yake ya lita 7.8 haichagui chakula: dizeli, mafuta ya taa, hata mafuta ya ndege. Likiwa tupu lina karibu tani 6, hivyo leseni ya kawaida ya Texas, daraja C, inatosha. Leseni ya biashara huanza kudaiwa uzito ukizidi pauni 26,000, karibu tani 11.8. Humvee achana nayo kama lengo lako ni barabara. Nyingi zimeuzwa kwa sharti la kutumika nje ya barabara tu, na ukishakabidhiwa karatasi yenye maneno hayo utabembeleza hadi uzeeke.

Mali chakavu za jeshi hupitia DLA Disposition Services, kitengo cha shirika la ugavi (DLA) la Wizara ya Ulinzi ya Marekani, kisha hupigwa mnada mtandaoni. Kufungua akaunti na kuweka kadi ya benki hakuhitaji maelezo. Ukifungua tangazo, usianze na picha za matairi. Tafuta mistari miwili: je, lori linahitaji EUC, yaani cheti cha matumizi? Na je, utapewa fomu ya SF 97, ile ya kuombea kadi ya gari, au hati ya mauzo tu? Kama SF 97 haimo, funga ukurasa, hata bei ikikuchekea vipi. Halafu kwenye bei yako ya juu kabisa ongeza ada ya mnunuzi, kodi, na lobedi ya kulitoa yadi hadi kwako. Watu wengi hushinda mnada kisha wakagundua kwamba usafiri umelizidi lori lenyewe bei.

EUC ni fomu ya DLA namba 1822, ambayo kwayo serikali inataka kujua wewe ni nani na hilo lori utalifanyia nini. Hulichukui mpaka ipite, na hupita kwa mwendo wake. Kinachowakwamisha watu wa kwetu ni majina. Sisi wa majina matatu, leseni ina mawili, pasi ina matatu, kadi ya benki ina la kwanza na la babu. Chagua kitambulisho kimoja, kisha akaunti ya mnada, fomu na malipo vyote vifuate jina lililoandikwa humo, herufi kwa herufi.

Penye matumizi, andika ukweli kwa sentensi moja: kulikarabati na kulitunza kwa matumizi binafsi. Anayewaza kulipeleka kwa mjomba Kitale likabebe mahindi asiandike sentensi hiyo, kwa sababu huo utakuwa uongo kwa serikali, na kusafirisha mali ya jeshi nje ya Marekani kuna vibali vyake tofauti kabisa. Na hata ukivipata, Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Hili linaweza kuwa limemzidi umri mjomba mwenyewe.

Siku ya kulichukua, nenda kwa miadi, na mwenye lobedi awe na winchi. Usitegemee litawaka. Linatumia volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zilizofungwa pamoja, na mara nyingi utakuta sanduku la betri tupu. Kabla halijafungwa minyororo, fanya kazi moja: chukua kitambaa na thina, usugue vile vibati vya chuma kwenye dashibodi. Jeshi hupaka rangi ya kijani juu ya kila kitu, vibati vikiwemo, tabaka juu ya tabaka. Chini yake utaona chesisi namba na mwaka wa kutengenezwa. Pengine kuna kibati kingine kidogo cha karakana iliyolifanyia matengenezo makubwa, nacho kina mwaka wake. Vipige picha vyote viwili karibu kabisa. Utaniombea dua.

SF 97 itakuja kwa posta. Hiyo bado si kadi ya gari. Ni karatasi ya serikali kuu ya kukuwezesha kuomba kadi. Siku hiyohiyo linganisha namba iliyomo na ya kwenye kibati, tarakimu moja moja. Kama kuna tofauti, irudishe kabla hujaenda popote.

Sasa kaunta. Ofisi ya kodi ya kaunti niliyokwenda ina foleni ya tiketi na televisheni isiyo na sauti. Nilikuwa na SF 97, risiti ya mnada, kitambulisho na fomu 130-U ya kuomba kadi na usajili. Dada wa kaunta akabonyeza, mfumo ukadai chesisi namba ya herufi na tarakimu 17. Lori halina. Mtindo wa 17 ulianza na magari ya modeli ya 1981. Kabla ya hapo kila kiwanda kilikuwa na utaratibu wake. Akaniangalia kana kwamba zilizobaki nimezificha mfukoni. Akamwita mwenzake, mwenzake akamwita msimamizi, na msimamizi akatoa hukumu ya ofisi zote duniani: mfumo unakataa.

Nikatumwa kukaguliwa namba na polisi. Fomu yake ni VTR-68-A, na haijazwi na polisi yeyote tu. Lazima awe amefunzwa kazi hiyo, kwa hiyo piga simu kwanza. Huyo ndiye mtumishi pekee aliyefurahi katika safari nzima. Alipiga picha na lori kabla hajasaini.

Kurudi kaunta, tukakwama kwenye mwaka, maana walitaka kuandika ule wa karakana. Hapo picha za vibati zikajilipa. Kisha uzito: wakataka kulisajili kama lori la mizigo, ada kulingana na uzito. Dawa ya hapo ni kifungu 504.502 cha Sheria ya Usafirishaji ya Texas. Kinatambua gari lililotengenezwa kwa ajili ya jeshi la nchi yoyote, bila kujali ukubwa, uzito wala mwaka, mradi linatunzwa katika sura na alama zake za kijeshi. Kichapishe, kipigie mstari, kiweke juu ya faili. Usibishane, mwachie msimamizi akisome mwenyewe, ataondoka akidhani wazo ni lake. Ulipe kodi ya asilimia 6.25 ya bei, na dola 28 au 33 za kadi kutegemea kaunti.

Namba za gari utakazopewa kwa kifungu hicho zina masharti: ni za maonyesho, shughuli za klabu na gwaride. Tofali usibebe, na rangi ya waridi usipake.

Bima nayo huulizia tarakimu 17, kwa hiyo usijisumbue na kampuni za kawaida. Nenda kwa wanaokatia magari ya kale. Na kabla hujalitoa uani, badilisha paipu zote za breki na ufungue masta silinda. Breki zake ni za mafuta zinazosaidiwa na upepo, zenye mkondo mmoja tu: paipu moja ikipasuka, magurudumu yote kumi hayana breki.