Namna ya kuisikia piano ya Ray Charles: rekodi za kuanzia na mpangilio wake

Tatizo la Ray Charles, mwimbaji na mpiga piano wa Marekani, ni sauti yake. Akishafungua mdomo, sikio lote linahamia huko, na wapo watu waliompenda maisha yao yote bila kujua alikuwa mpiga piano wa kiwango gani. Dawa yake ni kuanza na rekodi ambazo haimbi kabisa, ndipo urudi kwenye nyimbo zinazojulikana. Nyingi ya zinazofuata alizifanya akiwa na kampuni ya Atlantic, kati ya 1952 na 1959.

Maandalizi

Usitumie spika ya simu. C ya katikati ya piano inalia kwenye takriban hezi 262 (mitetemo kwa sekunde), na spika za simu kwa kawaida hudhoofika sana chini ya hezi 300 hivi. Kwa maneno mengine, karibu kila kinachofanywa na mkono wa kushoto kinapotea, unabaki na mkono wa kulia na saksafoni. Hedifoni za waya za bei ya kawaida zinatosha.

Kagua pia mwaka na kampuni. Ray aliendelea kuzipiga nyimbo zake za zamani jukwaani kwa miongo mingi. Ukitafuta jina la wimbo tu, programu inaweza kukuletea toleo la baadaye lenye bendi kubwa, ambamo piano imefunikwa na tarumbeta. Anayenunua CD ana mkusanyiko mzuri wa 1991 uitwao *The Birth of Soul*, wenye diski 3, lakini huo ni wa R&B (rhythm and blues). Albamu zake za jazi lazima uzitafute kivyake.

Hatua ya 1: "Black Coffee"

Umo kwenye *The Great Ray Charles* (1957), albamu isiyo na uimbaji hata kidogo. Ni piano, besi na ngoma, mwendo wa polepole. Usikilize mara tatu mfululizo. Mara ya kwanza fuata mkono wa kulia peke yake, mara ya pili wa kushoto, na mara ya tatu sikiliza pale anaponyamaza.

Kwenye mkono wa kulia, kamata mtelezo: kidole kinagusa kitufe cheusi kwa nukta tu na kuteleza hadi cheupe cha jirani, kama vile E-flati kuingia E. Sauti mbili zinasikika karibu kama moja iliyopindishwa. Piano haiwezi kupinda noti kama gitaa au koo la mwimbaji, na huu ndio ujanja wa wapiga blues kuifanya ionekane inaweza. Wapigaji wengi wanautumia mpaka unachosha. Ray anaubania.

Hatua ya 2: "Doodlin'"

Albamu ni hiyohiyo, ila bendi sasa ina wapulizaji. Kibao hiki ni cha mpiga piano wa jazi Horace Silver, aliyekirekodi mwenyewe 1954, kwa hiyo tafuta matoleo yote mawili. Ni blues ya kawaida: hesabu mapigo manne mara 12, na hapo mzunguko unaanza upya. Ukipotea, usibahatishe; rudi mwanzo wa wimbo uhesabu tena, kwa sababu bila kujua uko wapi kwenye mzunguko hutajua solo imeanzia wapi wala kwa nini imeishia pale. Silver anagonga noti kavu na kali. Ray anazilegeza na kuchelewa kidogo nyuma ya ngoma.

Hatua ya 3: "Hard Times"

Hapa kiongozi ni David "Fathead" Newman, mpiga saksafoni wa bendi ya Ray mwenyewe, kwenye albamu iliyorekodiwa Novemba 1958. Bosi amekaa nyuma akisindikiza. Wewe uliyezoea kufuata gitaa la rithimu kwenye muziki wa dansi utaelewa haraka: piano inajibu pale saksafoni inapovuta pumzi, kisha inampisha.

Hatua ya 4: "Mess Around"

Wimbo wa 1953, mfupi na wa kasi. Kazi ni moja tu: mkono wa kushoto unaozungusha boogie-woogie, yaani mdundo wa besi unaojirudia, bila kupumzika. Ukishaukamata, songa mbele.

Hatua ya 5: "Drown in My Own Tears", mara mbili

Hapa ndipo pa kukaa. Anza na toleo la studio lililotoka 1956. Kila pigo limegawanywa tatu, kwa hiyo hesabu hivi: moja-ta-ta, mbili-ta-ta, tatu-ta-ta, nne-ta-ta. Mwanakwaya atatambua mengine bila kuambiwa. Zile kodi mbili (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) za kuimbia "Amina" mwishoni mwa wimbo wa kitabuni, ya nne kurudi ya kwanza, zimo humu kila mahali, kwa maana Ray aliutoa upigaji huu kanisani na kuuingiza kwenye mapenzi ya duniani. Wapo waliomkasirikia kwa hilo.

Kisha weka toleo la jukwaani la Mei 28, 1959, uwanja wa Herndon, Atlanta, kwenye albamu *Ray Charles in Person*. Lilinaswa kwa maikrofoni moja tu. Mwendo ni wa polepole kiasi kwamba mpiga ngoma mwenye haraka angeuvunja. Wengi hukosea kuhesabu mapigo makubwa manne, wanakimbia mbele kwa sababu nafasi kati yao ni ndefu mno. Hesabu zile tatu ndogo, ndipo utaona jinsi kinachoushikilia wimbo kilivyo mkono wake.

Hatua ya 6: "What'd I Say"

Ulirekodiwa Februari 1959 kwa piano ya umeme aina ya Wurlitzer, ambayo nyundo zake hupiga vijiti bapa vya chuma badala ya nyuzi. Chagua toleo refu la zaidi ya dakika 6, si Sehemu ya 1 peke yake ya wimbo uliokatwa vipande viwili. Piano ndiyo inayofungua, na zaidi ya dakika moja inapita kabla hajaimba neno. Ni mzunguko uleule wa 12 uliouhesabu kwenye "Doodlin'", safari hii kwenye ufunguo wa E.

Mitego miwili

*Soul Brothers* (1958), aliyoifanya na mwanamuziki wa jazi Milt Jackson, ni tamu sana, lakini kuna vibao ambavyo Ray ameshika saksafoni ya alto na piano inapigwa na Jackson. Soma maelezo ya kila kibao kabla ya kumsifu mtu asiyehusika. Na *Genius + Soul = Jazz* ya 1961, ambayo hupendekezwa kila mahali, haifai kwa zoezi hili: humo anapiga ogani ya Hammond.