Somo: Kulima kitani kwa kikundi, kutoka mbegu hadi uzi

Kitani, mmea ambao nyuzi za bua lake hufumwa nguo, si kigeni Kenya. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, walowezi wa nyanda za juu walikilima kwa wingi ili kukiuza Ulaya. Bei ilipoporomoka mwanzoni mwa miaka ya 1920, wakakiacha. Udongo haukukikataa, kilichowaangusha ni soko la mbali. Kwa hiyo nashauri kikundi kilime kidogo, kisokote na kufuma chenyewe.

Mbegu. Aina inayolimwa kwa mbegu za kula hutoa mmea mfupi wenye matawi mengi. Tafuteni aina ya nyuzi, ambayo bua lake hukaribia mita 1. Kilo 1 inatosha kipande cha mita 10 kwa 10.

Kupanda. Lainisheni udongo, mwageni mbegu kwa kubanana, fukieni sentimita 2. Kubanana ndiko kunakorefusha mabua. Mbolea ikizidi, mmea huanguka na kulala chini. Palilieni ukiwa sentimita 10 hivi, peku, mkiukabili upepo, ili upepo uinue mliyoyakanyaga.

Kung'oa. Maua ya samawati hutoka baada ya miezi miwili hivi. Mwezi mmoja baadaye, sehemu ya chini ya mabua ikigeuka manjano, ng'oeni pamoja na mizizi. Msikate, maana mtafupisha nyuzi. Siku hiyo kila mwanachama afike. Fungeni matita, yasimamisheni yakauke, kisha chaneni vichwa vya mbegu na kuzihifadhi kwa msimu ujao.

Kuozesha. Hapa ndipo kitani hupatikana au hupotea. Gundi inayoshikanisha nyuzi na kijiti cha ndani lazima ioze, lakini nyuzi zisioze. Mnaweza kuyatandaza mabua kwenye nyasi yapate umande, mkiyageuza kila baada ya siku chache, kwa wiki 2 hadi 6. Au yaloweke kwenye tangi, mawe juu yake, siku 5 hadi 10. Wanawake wa Pwani wanaofukia makumbi ya nazi ufuoni wanaijua kazi hii vizuri, ila makumbi huchukua miezi. Msitegemee kalenda. Kila asubuhi kausheni bua moja, livunjeni: likiwa tayari, kijiti hudondoka vipande vipande na nyuzi hubaki nzima mkononi. Zikikatika kwa kuvutwa kidogo, mmechelewa.

Kutoa nyuzi. Kausheni tena, pondeni mabua, yapigeni kwa ubao hadi makapi yaishe, kisha chaneni kwa kitana cha misumari. Mnaposokota, lowesheni vidole kwa maji. Uzi hutoka laini.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, mto uko karibu na shamba letu. Tuloweke humo?*
Hapana, tafadhali. Mabua yakioza humaliza hewa ya majini na samaki hufa. Tumieni tangi, na maji yake myamwage shambani, mbali na kisima.

*Tukishavuna, tupande tena palepale?*
Kitani kikirudiwa huleta ugonjwa wa mnyauko unaojificha udongoni. Subirini miaka 6 au 7, mkipanda mahindi au viazi. Ndiyo maana zao hili linafaa kikundi kuliko mtu mmoja: mwaka huu shamba la huyu, mwaka ujao la yule.

*Nyuzi fupi zinazonasa kwenye kitana ni takataka?*
La, mama, usitupe. Hazitoi uzi mwembamba wa shuka, lakini hutoa kamba na kitambaa kizito cha mifuko. Kikundi kipya kianze kusokota na hizo, mikono ikizoea ndipo kiguse zile ndefu.