Lailatul Qadri: jifunze kuhesabu kwanza

Wengi hutaraji Lailatul Qadri usiku wa 27 wa Ramadhani, lakini huukosa kwa kosa la hesabu tu. Katika kalenda ya Kiislamu usiku hutangulia mchana, na siku mpya huingia kwa magharibi. Usiku wa 27, basi, unaanza pale unapofuturu funga ya 26. Ukingoja ufuturu ya 27 ndipo ukeshe, umeshaingia usiku wa 28.

Qadri ina maana mbili: cheo, na makadirio ya mambo ya mwaka. Lailatul Qadri ndio usiku ulioteremshwa Qur'ani, na wahyi wa kwanza, "Iqra", ulimfikia Mtume (s.a.w.) katika pango la Hira, Makka, mwaka 610. Sura ya 97 yasema ni bora kuliko miezi elfu, yaani miaka 83 na miezi 4.

Tarehe yake imefichwa. Hadithi zinaelekeza kumi la mwisho, hasa witiri (namba zisizogawanyika kwa mbili): 21, 23, 25, 27, 29. Lakini ipo pia hadithi inayohesabu kutoka mwisho, zikibaki tisa, saba, tano. Mwezi ukiwa wa siku 30, zinazobaki tisa huanzia usiku wa 22, ambao ni shufwa (namba inayogawanyika kwa mbili)! Ongeza na tofauti zetu za kuuona mwezi mwandamo, ambapo witiri ya msikiti huu ni shufwa ya msikiti wa pili, utaona kwa nini inafaa kusimama zote kumi.

Anza na isha ya jamaa na umalize na alfajiri ya jamaa. Mtu akeshaye kisha akapitiwa na alfajiri amepata hasara. Kwa anayekaa itikafu (kubaki msikitini kwa ibada), aingie msikitini kabla ya magharibi ya siku ya 20. Futari iwe nyepesi, maana mihogo ya nazi na tambi zikijaa tumboni, tarawehe yenyewe utaisinzia.

Huwezi kukesha wote? Shika theluthi ya mwisho. Magharibi ikiwa saa 12:30 na alfajiri saa 11:00, usiku ni saa kumi na nusu. Theluthi ni saa tatu na nusu, kwa hiyo amka saa 7:30.

Dua aliyofundishwa Bibi Aisha, mke wa Mtume, ni fupi: "Allahumma innaka afuwwun tuhibbul afwa faafu anni", yaani Ewe Mola, Wewe ni Msamehevu, unapenda kusamehe, basi nisamehe. Mwenye hedhi haswali, ila dua, dhikri na istighfari ni zake.