Kuandaa tekscha za picha za nyumba za Goma kwa simuleta ya ndege

Ndege ikiikaribia Goma kutoka upande wa Ziwa Kivu, rubani huona mabati kwanza, kisha weusi wa mawe ya lava ya volkano ya Nyiragongo, lava ile ile ambayo mwaka 2002 ilitiririka hadi kwenye njia ya kurukia ndege. Nyumba za matofali mekundu zinazokuja na simuleta hazifanani na mji huu hata kidogo, kwa hiyo tupige picha zetu wenyewe na kuzifanya tekscha, yaani picha zinazovishwa juu ya modeli za nyumba. Shika jambo moja tu: mwanga ni kazi ya simuleta, picha ilete ukuta peke yake. Kivuli kilichoingia pichani kitabaki palepale hata jua la simuleta likihamia upande wa pili.

Hatua ya 1: Piga picha

Subiri mawingu. Siku ya jua kali, saa sita mchana, paa humwaga kivuli kirefu ukutani na hakifutiki vizuri. Simama mkabala na katikati ya ukuta, rudi nyuma kadiri barabara inavyoruhusu, maana ukisogea sana lenzi ya simu hupinda kingo.

Weusi ndio unaosumbua zaidi. Simu ikielekezwa kwenye ukuta wa lava hudhani kuna giza, inaongeza mwanga, na jiwe linatoka kijivu kama simenti. Gusa ukuta kwenye skrini, kisha shusha mwanga mpaka jiwe lirudie weusi wake na mistari ya simenti katikati ya mawe ionekane bila kuungua.

Mabati yapige ukiwa ghorofani, yenye kutu na yasiyo na kutu. Omba ruhusa kwa mwenye nyumba; usipige kabisa picha za askari wala za uwanja wa ndege.

Hatua ya 2: Nyoosha na safisha

Fungua picha kwenye GIMP, programu ya kuhariri picha, chukua kifaa cha mtazamo (Perspective), vuta pembe nne mpaka ukuta usimame wima. Futa watu, nyaya, namba za pikipiki na namba za simu zilizopakwa ukutani.

Hatua ya 3: Ondoa mshono

Picha itarudiwa ubavu kwa ubavu ukutani, kwa hiyo kingo zake lazima zilingane. Sogeza picha nusu ya upana na nusu ya urefu, sehemu inayotoka upande mmoja iingie upande wa pili. Kingo zitakutana katikati na mshono utajitokeza. Uzibe kwa kunakili jiwe zima pamoja na simenti inayolizunguka. Nusu jiwe huonekana mara moja. Hapa usiwe na haraka. Jiwe lolote lenye doa la chokaa au umbo la pekee liondoe, la sivyo litajirudia ukuta mzima na kuonekana hata ukiwa angani.

Hatua ya 4: Ukubwa na faili

Tumia pikseli 512, 1024 au 2048 kila upande. Ukuta wa mita 10 kwenye pikseli 1024 unapata takriban pikseli 100 kwa mita, zinatosha. Tekscha ya 2048 kwa 2048 yenye uwazi, isipobanwa, hula MB 16 za kadi ya picha. Ikihifadhiwa kama DDS, aina ya faili ya tekscha, kwa mbano wa DXT1 inabaki MB 2. Mbano wa DXT5, ambao ni MB 4, uwekee nyavu na fensi zenye matundu.

Unapohifadhi DDS, ruhusu mipumapu, yaani nakala zinazopungua nusu kwa nusu. Zinaongeza theluthi moja tu ya ukubwa.

Hatua ya 5: Jaribu

Ivishe modeli ya nyumba tekscha yako kwenye Blender, programu ya kuunda modeli za 3D, iingize kwenye simuleta, uiangalie asubuhi, kisha jioni. Pita juu yake kwa futi 1,000. Mistari ya mabati ikimetameta, mipumapu haikuingia; hifadhi upya.