Namna ya mwajiri kujibu madai ya pamoja ya saa za ziada: mwongozo kwa viwanda vya samaki vya Mwanza

Kiwanda cha minofu ya sangara hakiwezi kufunga lango kwa sababu tu saa 11 jioni imetimia. Boti iliyotoka Ukerewe au Kome ikichelewa kutia nanga, samaki huingia mezani usiku, na wakataji wa minofu hubaki hadi mzigo uishe, kwa kuwa samaki hawasubiri kesho. Hiyo ndiyo sababu madai ya ovataimu katika ufukwe huu huja kwa makundi: mwajiri hupokea fomu moja ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo wote tunaiita CMA, ikiwa imeambatanishwa na orodha ya majina 60. Mwongozo huu ni wa mwajiri aliyepokea fomu hiyo asubuhi ya leo na ambaye, kabla hata ya kumpigia wakili simu, tayari anataka kujibu kwamba hadaiwi chochote.

Asijibu hivyo kabla ya kupiga hesabu yake mwenyewe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 9 kwa siku, siku 6 kwa wiki na saa 45 kwa wiki, na mipaka hiyo husomwa kwa pamoja. Hapa ndipo waajiri wengi hujikwaa. Zamu inayoanza saa 1 asubuhi na kwisha saa 11 jioni, ukiondoa saa moja ya mapumziko, ni saa 9, na msimamizi wa zamu ataapa kwamba hakuna ziada. Lakini mfanyakazi akiingia zamu hiyo siku 6, anafikisha saa 54, na saa 9 zilizovuka 45 ni za ziada hata kama hakuna siku hata moja aliyochelewa kutoka. Isipokuwa pawepo mpangilio mwingine ambao sheria inauruhusu na uliowekwa kwa maandishi, mwajiri wa namna hiyo ana deni, na wakili mzuri hawezi kulifuta. Anaweza tu kulipunguza likafikia kiasi chake halisi.

Saa ya ziada hulipwa si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa msingi wa saa. Kazi ya usiku, yaani kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, huongezewa asilimia 5, na saa ya usiku ikiwa ya ziada, asilimia hiyo hukokotolewa juu ya kiwango cha ziada. Siku ya mapumziko ya wiki na sikukuu hulipwa mara mbili. Ili kupata mshahara wa saa kwa anayelipwa kwa mwezi, gawanya mshahara wa msingi kwa 4.333, kisha kwa 45. Mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 390,000 anapata takriban shilingi 2,000 kwa saa. Saa yake ya ziada ni shilingi 3,000, na ikiangukia usiku ni shilingi 3,150. Mkataji anayelipwa kwa kilo naye yumo katika hesabu hii: wastani wa mapato yake ya wiki 13 zilizotangulia ndio huchukuliwa kuwa msingi. Nimesikia mara nyingi hoja kwamba wa kilo hana ovataimu. Ni hoja inayopendwa getini, lakini mwajiri asiibebe mbele ya mwamuzi.

Tuchukue mfano. Wafanyakazi 60 wenye mshahara huo wanadai kwamba kila siku, kwa siku 26 za mwezi, walifanya kazi saa 3 za ziada kwa miezi 24. Dai hilo ni shilingi 336,960,000. Mashine ya alama za vidole ikionyesha kwamba saa hizo 3 zilifanyika siku 9 tu kwa mwezi, dai linashuka hadi shilingi 116,640,000, bila mtu kuitwa mwongo. Tofauti ya zaidi ya shilingi milioni 220 imetoka katika kumbukumbu, wala haikuhitaji ufasaha wa wakili.

Kwa hiyo kazi ya kwanza baada ya kupokea fomu ni kuhifadhi kumbukumbu zote kama zilivyo: daftari la mahudhurio, data za mashine, daftari la mlinzi wa getini, ratiba za zamu, hati za malipo, mikataba, na hati za kupokea samaki zinazoonyesha saa mzigo ulipoingia. Hizi za mwisho husahaulika, ilhali ndizo zinazoonyesha usiku ambao meza zilikuwa tupu. Asiwepo wa kusahihisha mstari hata mmoja. Daftari la miaka miwili lililoandikwa kwa kalamu moja na mwandiko mmoja usiochoka humwangamiza mwajiri kuliko kukosa daftari. Sheria inamtaka mwajiri atunze maelezo ya maandishi ya masharti ya ajira kwa miaka 5 baada ya ajira kukoma, na akishindwa kuyatoa shaurini, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalodaiwa humwangukia yeye.

Kisha isome fomu yenyewe kwa makini. Malalamiko yasiyohusu kuachishwa kazi hupaswa kufikishwa CMA ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipotokea. Aliyechelewa huomba kwanza kuongezewa muda na kueleza sababu. Pingamizi la kuchelewa liwekwe mapema, lakini mwajiri asilitegemee peke yake, kwa kuwa walalamikaji wanaweza kujibu kwamba kila siku ya mshahara ilizaa mgogoro mpya. Ni busara kuandaa hesabu mbili, ya miezi iliyo ndani ya muda na ya miezi iliyo nje. Angalia pia orodha ya majina: wanaolalamika kwa pamoja wanaweza kumruhusu mmoja wao asaini fomu, ila orodha ya waliomruhusu inapaswa kuambatanishwa, isomeke, na kila mmoja awe ameisaini. Majina yanayojirudia na sahihi za watu walioacha kazi kabla ya kipindi kinachodaiwa hupatikana hapo.

Hatua inayofuata ndiyo kiini cha utetezi, nayo ni kulitenganisha kundi. Nchini Marekani, ambako mashauri ya namna hii chini ya sheria ya mwaka 1938 ya saa na ujira ni biashara kubwa ya mawakili, mwajiri hujitahidi kuonyesha kwamba wafanyakazi hawafanani kiasi cha kusikilizwa kama mtu mmoja. Taratibu zetu ni nyingine, lakini hoja hiyo inafaa hapa pia. Watu wa chumba cha baridi, wa kukata, wa kufungasha na walinzi hawatoki kwa wakati mmoja. Tengeneza jedwali lenye mstari wa kila mlalamikaji: tarehe ya kuajiriwa, idara, zamu, saa zilizothibitika, kiasi kilicholipwa na kilichobaki. Wasimamizi wanaoongoza wenzao kwa niaba ya mwajiri na kuwajibika moja kwa moja kwa uongozi wa juu hawaguswi na masharti ya saa za kazi, ila cheo cha "supavaiza" kwenye kitambulisho hakitoshi kuthibitisha hilo.

Ipo hoja moja ya kuepukwa. Sheria hairuhusu zaidi ya saa 50 za ziada katika wiki 4, na wapo wanaotaka kudai kwamba zilizozidi hazilipiki kwa kuwa zimekatazwa. Katazo hilo linamfunga mwajiri; kulitaja ni kukiri kosa la pili ili kukwepa la kwanza.

Usuluhishi hupewa siku 30, na haupaswi kususiwa, kwa sababu mlalamikiwa asiyefika bila sababu anaweza kuamuliwa dhidi yake. Nenda na jedwali na mtu mwenye mamlaka ya kukubali kiasi; meneja rasilimali watu anayelazimika kumpigia bosi simu kila baada ya dakika tano hupoteza heshima ya kikao. Kiasi ambacho jedwali lako linakiri, kitoe hapo. Mkikubaliana, hati itaje kila mlalamikaji kwa jina, kiasi chake na kipindi kinachofungwa, na kila mmoja asaini mwenyewe. Katika muda huo wote, msimamizi yeyote asimguse aliyesaini orodha kwa kumhamisha, kumpunguzia zamu au kumwachisha kazi.

Usuluhishi ukishindikana, shauri huenda kwa mwamuzi au Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi. Mashahidi watatu wanatosha mara nyingi: mtunza mishahara, msimamizi wa zamu na fundi wa mashine ya mahudhurio, ambaye ataeleza jinsi data inavyoingia na nani anaweza kuigusa. Tuzo, yaani uamuzi wa mwamuzi, ikitoka na kuonekana ina dosari, maombi ya marejeo, yaani ya kuipitia upya, hufunguliwa Mahakama Kuu ndani ya wiki 6 tangu mhusika alipokabidhiwa, hivyo tarehe ya kuipokea iandikwe na kugongwa muhuri siku hiyo hiyo.