Tambi za kabichi, zukini na shirataki: namna ya kuzipika zisijae maji

Gramu 200 za tambi za ngano zilizokwisha kuchemshwa zina kalori zipatazo 315, kabla hata hujazimwagia mchuzi. Uzito huo huo wa kabichi una kalori 50 hivi, wa zukini, yaani boga changa la kijani lenye umbo kama la tango, kama 35, na wa shirataki, yaani tambi za Kijapani zitokanazo na kiazi cha konjaki, huwa 20 au pungufu. Kwa anayetaka kupunguza uzito bila kuiacha sahani anayoipenda, tofauti hiyo ni kubwa. Hata hivyo, wengi huzijaribu mara moja tu wakaziacha, kwa sababu walizipika kama wanavyopika tambi za kawaida. Tambi ya ngano hunywa maji na mchuzi. Mboga hutoa maji na kuuchuja mchuzi wako ukawa mwepesi. Basi kazi yote ya mpishi hapa ni kuyaondoa maji hayo mapema, chakula kingali jikoni.

Anayeanza ningemshauri aanze na kabichi, kwa kuwa ni rahisi, inapatikana sokoni karibu kila siku, na husamehe makosa madogo. Chagua iliyofunga vizuri na nzito mkononi. Ipasue mara nne, ondoa kile kigumu cha katikati, kisha katakata kwa kufuata urefu wa jani, upana wa nusu sentimita hivi. Ukiikata nyembamba kama ya kachumbari italainika mno na kushikana. Nusu kilo inatosha watu wawili. Chemsha maji mengi yenye chumvi, itumbukize kabichi kwa dakika moja au mbili, iepue na kuimwaga kwenye chujio, kisha itandaze juu ya kitambaa safi kwa dakika kumi bila kuifunika, maana mvuke ukizuiwa hugeuka maji na kuirudia. Inua uzi mmoja kwa uma: ukining'inia bila kukatika, lakini ukiutafuna bado una ukakamavu kidogo, umeiva ipasavyo.

Zukini inahitaji uangalifu zaidi, kwani asilimia 95 hivi ya uzito wake ni maji. Tumia kifaa cha kumenyea viazi, uivute kwa urefu huku ukiizungusha, na uache mara tu unapozifikia mbegu. Sehemu hiyo ya katikati ndiyo yenye majimaji mengi. Ikatekate uitie kwenye mchuzi mapema, ichemke pamoja na nyanya. Nyuzi ulizozipata zinyunyizie nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa kila nusu kilo, ziweke kwenye chujio juu ya bakuli kwa dakika ishirini, kisha zikunje ndani ya kitambaa na kuzikamua kwa upole. Utashangaa kuona maji yaliyokusanyika chini. Baada ya hapo zipitishe kwenye kikaango chenye moto mkali kwa dakika mbili tu, na ikiwa kikaango ni kidogo zipike kwa mafungu, kwa sababu zikirundikana zitachemka badala ya kukaangika. Mahali ambapo zukini haipatikani, mumunye changa hufaa kwa njia hiyo hiyo.

Shirataki ni jambo jingine kabisa. Karibu asilimia 97 yake ni maji, na sehemu kubwa ya kilichobaki ni ufumwele, yaani nyuzinyuzi za chakula, uitwao glukomanani. Huuzwa zikiwa zimelowa katika pakiti, kwenye maduka makubwa na yale ya vyakula vya Asia. Ukifungua pakiti utasikia harufu inayokaribia ya samaki. Si dalili ya kuoza: inatokana na maji ya chokaa yanayotumiwa kuzigandisha. Mwaga maji hayo, zisuuze kwa maji yanayotiririka kwa dakika mbili, zichemshe dakika mbili au tatu, zichuje, kisha zitie kwenye kikaango kikavu kisicho na tone la mafuta. Zigeuze kwa mwiko mpaka mvuke ukome na zianze kutoa mlio mwembamba zinapojisugua kwenye chuma. Hatua hii isirukwe, kwani shirataki isiyokaushwa huteleza na kuukataa mchuzi. Zikate kwa mkasi, kwa kuwa hazikatiki kirahisi mdomoni, na yeyote anayezila azitafune vizuri; watoto wadogo na wenye shida ya kumeza wasipewe.

Kwa kuwa nyuzi hizi hazinywi mchuzi, mchuzi wenyewe lazima uwe mzito na wenye ladha kali kuliko kawaida. Kaanga kitunguu kwa kijiko kimoja kikubwa cha mafuta, ongeza kitunguu saumu na tangawizi, kisha robo kilo ya nyama ya kusaga isiyo na mafuta mengi, binzari nyembamba na pilipili manga. Tia nyanya nne zilizosagwa, uache zikauke taratibu pasipo mfuniko. Pitisha mwiko chini ya sufuria: njia uliyoichora ikibaki wazi kidogo kabla mchuzi haujairudia, epua. Chumvi ionje mwishoni, hasa kama umetumia zukini. Changanya nyuzi na mchuzi wakati wa kupakua, si kabla.

Pima mafuta kwa kijiko, usimimine kwa kukisia. Kijiko kimoja kikubwa kina kalori zipatazo 120, hivyo vijiko viwili na nusu vinatosha kurudisha karibu zote ulizoziokoa kwa kuacha ngano. Tui la nazi nalo lina mafuta mengi. Ukilitaka, tia vijiko vichache vya tui zito mwishoni. Tambi za sukari na iliki, zile za futari, nisingezijaribu kwa mboga yoyote kati ya hizi, kwa kuwa utamu wake unategemea ngano iliyokaangwa.

Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari azungumze na daktari wake kabla ya kuondoa wanga kwenye mlo, kwa sababu dozi yake huenda ikawa kubwa mno kwa chakula hicho kipya na sukari ikashuka kupita kiasi. Mabaki ya mchuzi na ya nyuzi yahifadhiwe kwenye friji katika vyombo tofauti, na shirataki zisigandishwe kwenye barafu, kwani zikiyeyuka huwa ngumu kama mpira.